Kibanda cha Nyuma ya Soko: Historia Fupi ya Gemu Katika Mji wa Nansio



Mhariri aliponiandikia kuniomba mchango wa historia kwa toleo la mkutano wetu wa mwaka huu, nilijua anachokitaka. Alitaka habari za Wakuu wa Shule waliopita, habari za timu yetu ya kandanda na siku ile tulipowafunga jirani zetu wakarudi kwao bila kusemezana, na pengine habari za ujenzi wa bwalo. Hayo ni mambo mema, na wapo wanaoyajua kunishinda. Mimi naomba ruhusa niandike juu ya kibanda kimoja cha mabati kilichokuwa nyuma ya soko la Nansio, ambamo wengi wetu tuliosoma hapa kati ya mwaka 1996 na 1999 tuliacha senti zetu za sabuni, na mmoja wetu akaacha zaidi ya hizo.

Watakuwapo watakaoguna. Watasema gemu si historia, ni upuuzi wa watoto. Nawaheshimu, lakini nawakumbusha kwamba wataalamu wa mambo ya kale wakikuta mashimo ya bao yamechongwa juu ya jiwe hupiga magoti wakayapima kwa futi kamba. Basi na sisi tupime kibanda chetu. Nanyi vijana mlio madarasani leo, ambao wakati wa likizo mnacheza mpira mzima, na watazamaji wake, ndani ya simu ya kaka yenu, mtuvumilie wazee. Tulikuwa tukilipa shilingi hamsini ili tufe mara tatu.

Swali la kwanza ambalo kijana wa leo lazima aulize ni hili: kwa nini mashine iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983 ilifika kisiwani Ukerewe zaidi ya miaka kumi baadaye? Jibu la haraka ni umaskini, na jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Lilikuwapo pia jambo la sheria. Mwaka 1974 Serikali ilitoa amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Leo jambo hilo lachekesha, lakini wakati ule lilikuwa na sababu zake. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla tangu 1973, fedha za kigeni zilikuwa haba, na Serikali yenyewe ilikuwa imejaribu kuweka hesabu zake katika kompyuta, mambo yakavurugika hata ikabidi kurudia mtindo wa zamani. Televisheni nayo ilionekana kuwa anasa ya watu wachache wa mjini, katika nchi ambayo wananchi wengi waliishi vijijini. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Sisi wa Bara tulibaki na redio, na vituo vya kwanza vya televisheni vilianza Dar es Salaam mwaka 1994.

Sasa fikirini. Gemu ya aina tunayoizungumzia si kitu kingine ila kompyuta ndogo inayochomekwa kwenye televisheni. Kwa hiyo amri moja iliifungia milango miwili. Mimi binafsi naona amri ile ilikuwa na busara kwa mwaka mmoja au miwili ya shida, na kila mwaka uliofuata busara ile ilipungua. Lakini mimi si mchumi, na wakati ule nilikuwa bado sijazaliwa.

Hatukukaa bure hata hivyo. Tulicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na nailoni. Tuliunda magari ya waya yenye matairi ya kandambili. Wazee walicheza bao chini ya miembe, nasi tulisimama nyuma yao kimya, kwani mtoto aliyefungua mdomo kumwonyesha mzee kete ya kuchukua alifukuzwa, hasa kama alikuwa na haki. Nitaeleza baadaye kwa nini nalitaja bao.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, wakati bajeti ya Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Lakini bidhaa kuingia Dar es Salaam ni jambo moja, na kuvuka ziwa hadi Nansio ni jambo lingine. Kilichozivusha ni samaki. Sangara, ambaye si mwenyeji wa ziwa hili bali aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, alizaliana kupita kiasi katika miaka ya 1980. Miaka ya 1990 ilipoanza, viwanda vikajengwa Mwanza vya kumchuna na kumpeleka Ulaya kwa ndege, mnofu mtupu. Mvuvi wa Ukerewe ambaye baba yake alibadilishana sato kwa muhogo akajikuta ameshika noti. Noti zile zilinunua injini ya mtumbwi, baiskeli, godoro, na kwa wachache jenereta dogo la petroli na televisheni. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya sangara na madhara yake, na filamu zimetengenezwa. Sijaona mahali walipoandika kwamba sangara ndiye aliyetuletea Mario.

Mwenye kibanda chetu alikuwa wakala wa samaki. Jina lake silitaji kwa kuwa jamaa zake bado wako mjini na sikuwaomba ruhusa. Alianza kwa kuonyesha kanda za video, za karate na za Kihindi, watu wakikaa juu ya mabenchi ya mbao na wengine sakafuni. Kisha siku moja alishuka melini kutoka Mwanza na boksi lililofungwa kwa kanga ya mkewe, na ndani ya boksi ilikuwamo mashine nyeupe yenye kingo nyekundu, pedi mbili zenye nyaya fupi, na bastola ya plastiki.

Hapa yafaa niwaeleze mashine ile ilikuwa nini, maana wakati ule hakuna aliyetueleza. Kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto ilianzishwa mwaka 1889, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Naam, karata za kuchezea. Baada ya miaka karibu mia moja, tarehe 15 Julai 1983, ikatoa mashine iliyoitwa Famicom. Moyo wa mashine ile ulikuwa rahisi kiasi kwamba viwanda vya Taiwan na China viliweza kuuiga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 dunia ilijaa nakala. Urusi nakala ile iliitwa Dendy, na watoto wa huko walikua wakidhani Dendy ndiyo asili. Afrika Kusini waliijua kwa jina la Golden China. Yetu haikuwa na jina lolote. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mtoto wa Kizungu anacheka, na maandishi ya Kichina ambayo mwenye kibanda alidai anayasoma.

Kaseti yake iliandikwa kwamba ina michezo 9999. Tuliamini. Rafiki yetu mmoja aliyekuwa bingwa wa hesabu alipiga mahesabu kwamba tukicheza michezo mitano kila Jumamosi tutaimaliza baada ya miaka thelathini na minane, na akasikitika. Ukweli tuliugundua wenyewe baada ya majuma machache: michezo ilikuwa kama ishirini hivi, na iliyobaki ni ile ile, umeanzishiwa katikati au umebadilishiwa jina. Huo ulikuwa ulaghai wa kwanza wa kimataifa kunipata, na ulinifundisha kusoma orodha hadi mwisho.

Kibanda chenyewe kilikuwa na harufu yake. Petroli, jasho, maganda ya machungwa, na dagaa waliokuwa wanaanikwa nje. Jenereta lilifungwa nyuma na kelele yake ilikuwa sehemu ya muziki wa gemu. Hadi leo nikisikia wimbo ule wa Mario bila jenereta naona una upungufu. Umeme wa mji hatukuutegemea. Televisheni ilikuwa ya chogo, ya inchi kumi na nne, na mwenye kibanda aliifunika kwa kitambaa cha vitambaa vya sufi kila alipokwenda kula. Kulikuwa na sheria tatu zilizoandikwa kwa chaki: lipa kwanza, usipige pedi, usile muwa ndani. Shilingi hamsini ilikupa zamu, na zamu ilikuwa kufa mara tatu. Aliyekuwa hodari aliweza kukaa nusu saa kwa hamsini ile, na mwenye kibanda akaanza kumchukia waziwazi.

Kaseti ilipogoma tuliitoa na kuipuliza. Kila mtoto wa kizazi changu, wa Nansio, wa Nairobi na wa New York, aliipuliza. Baadaye nimekuja kusoma kwamba kupuliza hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha, shaba ikagusana na shaba upya, na mate yetu yalikuwa yanaziletea kutu tu. Nilisikitika kidogo kulijua hilo. Mwenye kibanda alikuwa na namna yake ya kupuliza, amefumba macho, kama mganga.

Mario tulimpenda mapema. Mchezo ule wa Super Mario Bros. ulitoka mwaka 1985, na programu yake nzima, ramani, picha, muziki na yote, ilikaa katika kilobaiti 40. Picha moja ya harusi mnayotumiana leo kwa simu ni kubwa kuliko mchezo ule mara nyingi. Waundaji walibana kila kitu. Mdogo wangu, ambaye hakuwa na fedha ya kucheza na hivyo alikuwa anatazama tu, ndiye aliyegundua kwamba mawingu na vichaka ni umbo moja, wamebadilisha rangi tu. Tulimcheka. Alikuwa amesema kweli, na leo jambo hilo linajulikana dunia nzima. Mtazamaji huona anachokosa kukiona mchezaji. Hata kwenye bao ilikuwa hivyo.

Lakini kilichowaleta hata watu wazima kibandani ni bata. Katika mchezo wa Duck Hunt, bata huruka kutoka majanini nawe humlenga kwa bastola. Ukimkosa, mbwa hutokea na kukucheka. Sisi ni watoto wa ziwa, bata maji tuliwajua, na mbwa wa kucheka hatujapata kumwona. Wavuvi wazima waliokuwa wametoka kuuza samaki walilipa hamsini baada ya hamsini kwa hasira ya yule mbwa. Nao wazee walijiuliza jinsi risasi inavyotoka bila kutoka. Mmoja alishika kioo cha televisheni kuona kama kimetoboka.

Siri yake ni hii. Bastola haikurusha kitu, ilikuwa ni jicho. Ulipobonyeza, kioo kizima kiligeuka cheusi kwa kufumba na kufumbua, halafu mahali alipo bata pakawa mraba mweupe. Kama jicho la bastola liliona kwanza giza na kisha nuru, mashine ilijua umelenga sawasawa. Bata wakiwa wawili, miraba miwili ilionyeshwa mmoja baada ya mwingine, na mashine ikajua ni yupi. Mambo hayo yalipita upesi mno, jicho la mtu likaona mmweko tu. Mjanja mmoja wa kidato cha pili alijaribu kulenga karabai iliyotundikwa ukutani, akidhani nuru ni nuru. Hakupata kitu. Mashine ilitaka giza kwanza.

Nisisahau gemu ndogo za mkononi, zile za matofali yanayoanguka, ambazo machinga waliziuza gatini. Hizo hazikuhitaji jenereta wala televisheni, betri mbili zilitosha, na ndizo zilizoingia bwenini kwa urahisi na kunyang'anywa kwa urahisi. Katika dawati la mwalimu wetu wa nidhamu zilikuwamo nyingi kuliko dukani. Mchezo ule, Tetris, ulibuniwa na Alexey Pajitnov mwaka 1984 katika Akademia ya Sayansi mjini Moscow. Nimewahi kutafakari jambo hilo. Sisi tuliozuia kompyuta kwa jina la kujenga Ujamaa, na wao Wasovieti waliokuwa wajamaa kuliko sisi walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta ya Serikali wanapanga matofali. Pajitnov mwenyewe hakuanza kupata malipo ya haki zake hadi mwaka 1996. Wakati huo matofali yake yalikwisha kufika Nansio.

Mwaka huo wa 1996 ndio nilioanza kidato cha kwanza. Na tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakapotea. Wanaoishi kisiwani hawahitaji kuelezwa maana yake. Kibanda kilifungwa siku za maombolezo, kikafunguliwa tena na watu wachache. Mwenye kibanda, ambaye alizoea kwenda Mwanza kila mwezi kutafuta kaseti, hakupanda meli kwa miezi mingi. Tukabaki na kaseti zilezile. Ndiyo sababu, nadhani, sisi wa mwaka ule tulimjua Contra kwa undani namna ile. Hapakuwa na kitu kipya cha kutupoteza.

Contra ni mchezo wa askari wawili, na ulikuwa mgumu kupita haki. Risasi moja, umekufa. Kulikuwa na njia ya kupata maisha thelathini badala ya matatu, kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu kabla mchezo haujaanza: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Aliyeubuni mpangilio huo ni Kazuhisa Hashimoto, Mjapani aliyefariki mwaka 2020. Aliuweka kwanza katika mchezo mwingine uliotoka 1986, kwa sababu yeye mwenyewe alishindwa kuumaliza wakati wa kuujaribu. Sisi hatukumjua. Siri hiyo ilifika shuleni kwetu kichwani mwa mwanafunzi aliyehamia kutoka Mwanza, naye aliiuza kwa sahani ya wali wa Jumapili kwa kila mtu. Nilikula ugali wa muhogo Jumapili ile nikiwa tajiri.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike.

Mwenzangu wa kitanda cha juu alitoka katika moja ya visiwa vidogo, kwenye kambi ya wavuvi. Tulikuwa askari wawili wa Contra, yeye wa bluu, mimi wa nyekundu. Alikuwa na mkono mwepesi kunizidi na subira kunizidi. Mwaka 1998, tukiwa kidato cha tatu, baba yake alimtumia karo ya muhula kwa mkono wa mtu, fedha taslimu ndani ya bahasha ya kaki. Aliiweka chini ya godoro akisubiri siku ya kulipa. Jumamosi ya kwanza alichomoa noti moja, kwa sababu tulikuwa tumebakiza hatua mbili kumaliza mchezo. Alinionyesha. Nilijua noti ile imetoka wapi. Tulikwenda, tukacheza, tukanunua na maandazi.

Katika Contra ipo hatua ya maporomoko ya maji. Hapo huendi mbele, unapanda juu, jiwe kwa jiwe. Na picha ya kioo humfuata aliye juu. Mwenzako akichelewa kuruka, ukingo wa chini wa kioo unampita na anakufa, ingawa hakupigwa risasi wala hakuanguka. Aliye juu ndiye aliyemuua, kwa kupanda tu. Wachezaji waungwana walisubiriana. Mimi nilikuwa na pupa. Mara ngapi yeye alikuwa akinilalamikia, "Ngoja bwana, utaniua," nami tayari nilikuwa jiwe la tatu.

Bahasha ilikwisha nusu kwa majuma matatu. Si fedha zote zilikwenda kwa gemu, nyingine zilikwenda kwa tumbo, lakini nusu ilikwisha. Siku ya kulipa ilipofika alirudishwa nyumbani kufuata karo, kama walivyorudishwa wengine wengi ambao hawakuwa wamekula chochote. Aliitwa kwanza ofisini akaulizwa alikuwa na nani kibandani. Alisema alikuwa peke yake. Mimi nilikuwa nje nafagia, dirisha lilikuwa wazi, na nilisikia. Niliendelea kufagia. Hakurudi shule.

Mkuu wa Shule akatutangazia mstarini kwamba mwanafunzi atakayeonekana nyuma ya soko atang'oa visiki hadi Desemba. Tulisema alikuwa mkali bila sababu. Wengine mpaka leo katika mikutano yetu husimulia habari ya visiki na kucheka, na mimi hucheka nao. Sikupata kusema kwamba sababu ilikuwapo na mojawapo ilikuwa mimi.

Kibanda nacho hakikudumu sana. Mwaka 1999 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari kwamba wapo waliokuwa wanavua kwa sumu. Zuio lile lilikaa miezi kadhaa tu, lakini kwa mji kama Nansio miezi kadhaa ni mirefu. Bei ya sangara ilianguka, wavuvi hawakuja tena kumpiga risasi bata, petroli ya jenereta ikawa deni. Nilipomaliza kidato cha nne mwishoni mwa mwaka huo mashine ilikuwa inafunguliwa Jumamosi peke yake. Baadaye, niliposikia kwamba mjini wameleta PlayStation, ambayo haikuwa na kaseti wala haikupulizwa, nilijua habari zetu zimekwisha. Walionifuata walicheza mpira, timu kwa timu, kwa majina ya wachezaji wa kweli. Hayo na wayaandike wao.

Niliahidi kueleza habari ya bao. Mwenye kibanda, alipokuwa hana wateja, alikwenda kucheza bao na wazee chini ya mwembe ulio karibu na gati. Siku moja mzee mmoja alimwuliza mbele yetu: mchezo wako ule, mtu akifungwa, anafungwa na nani? Mwenye kibanda akajibu, na mashine. Mzee akasema, basi hawezi kumtania kesho. Wakaendelea na kete zao. Sikuelewa wakati ule kwa nini wazee wote walitikisa kichwa. Ila naona mzee yule hakupata kutuona na pedi zote mbili zikiwa na watu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Mwanza kwa shughuli zangu, nikapita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa wa kupeleka nyumbani. Mtu aliyekuwa akipima magunia aliinua uso. Nilimjua kwa mikono kabla ya kumjua kwa sura. Tulisalimiana sana, tukaulizana wazazi, wake na watoto. Ana magunia yake, ana mtumbwi, mtoto wake wa kwanza anasoma chuo. Nilianza kumwambia lile lililokuwa moyoni tangu 1998, maneno yakanikwama, nikabaki kusema, "Ndugu yangu, ile siku ofisini..." Akanikatiza. Akasema, "Ulikuwa hungoji, bwana. Kwenye maporomoko ulikuwa hungoji hata kidogo." Akacheka, akaniongezea dagaa vikombe viwili juu ya kipimo, akakataa fedha yake.

Nimemwalika kwenye mkutano wetu. Mhariri ameniuliza kama ni halali, kwa kuwa hakumaliza kidato cha nne, na mimi nimemjibu kwamba alilala katika bweni letu miaka miwili na nusu na alimiliki kitanda cha juu. Amekubali. Nimepata pia mashine moja ya zamani, pamoja na bastola, kwa fundi mmoja mjini, na kaseti ya michezo 9999. Tulijaribu kuichomeka kwenye televisheni bapa ya ofisi ya shule. Contra ilikubali, ila bata hawafi kabisa, maana televisheni hizi mpya huchelewesha picha kidogo na jicho la bastola halioni kitu kwa wakati wake. Kwa hiyo natoa ombi kwa ndugu yeyote, hasa mlioko Nansio na Bunda mnaoweza kuivusha kwa pantoni ya Kisorya bila gharama kubwa: mwenye televisheni ya chogo inayowaka, ya inchi yoyote, atufikishie kabla ya Ijumaa ya mkutano. Tutairudisha.